Mtungi Uliojaa: Saritha, Balachander na Swali la Nani Alimtengeneza Nani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwigizaji, niko Tanga. Katika miaka mitatu nimecheza filamu fupi tano, na nne kati ya hizo zimeongozwa na kijana mmoja. Wenzangu wananiambia nimejifunga, kwamba mwongozaji mmoja akikuzoea anakumaliza. Nimesikia kwamba kwenye sinema ya Kitamil kuna waigizaji wa kike waliofanya kazi na mwongozaji yuleyule miaka na miaka, mfano Saritha na K. Balachander. Ilikuwaje? Ni yeye aliyemtengeneza, au na dada huyo alikuwa na lake? Na nikitaka kuwatazama, nianze na filamu ipi?"

Marahaba mwanangu. Swali lako limebeba mambo mawili: la sinema ya watu wa mbali, na la kwako wewe unayeambiwa umejifunga. La kwanza nitalijibu kwa kirefu, maana wengi wanaolisimulia hulisimulia upande mmoja tu. La pili nitalifikia.

Kwa ufupi, Balachander alimfungulia Saritha mlango, na Saritha akampa Balachander hadithi ambazo bila yeye asingeweza kuzisimulia. Mwigizaji wa kike wa Kitamil miaka ile alikuwa na njia mbili za kudumu kazini. Ya kwanza ni kushikamana na stelingi mkubwa, awe mpenzi wake kwenye filamu hii na ile, mpaka stelingi aletewe binti mwingine mwenye umri mdogo zaidi. Ya pili ni kumpata mwongozaji anayeanza kuandika hadithi kutoka kwake yeye. Saritha alipita hii ya pili.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu jina. Hapa kwetu kila filamu ya India tunaiita ya Kihindi, hata zile za kutafsiriwa kwenye vibanda vya video, ambazo nyingi kwa kweli ni za Kitamil au Kitelugu. Kitamil ni lugha ya kusini, jimbo la Tamil Nadu. Makao ya sinema yake ni Chennai, mji ulioitwa Madras hadi 1996, na mtaa wenye jina ni Kodambakkam. Jirani yake ni Andhra, wanakosema Kitelugu. Studio za Madras zilitengeneza filamu za lugha zote mbili, na Kikannada na Kimalayalam juu yake, kwa hiyo waigizaji walikuwa wakivuka lugha kama sisi tunavyovuka barabara. Saritha kwao ni Andhra. Kitelugu ndicho cha mama yake, lakini Kitamil ndicho kilichompa jina kubwa.

Balachander alizaliwa 1930 Nannilam, katika nchi ya mpunga ya Thanjavur. Alikuwa karani katika ofisi ya Mhasibu Mkuu wa serikali mjini Madras, na jioni akitoka kazini alikuwa anaandika na kuongoza michezo ya jukwaani. Filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, Neerkumizhi ya 1965, ilitokana na mchezo wake mwenyewe na karibu yote inapita hospitalini. Jukwaa halikumtoka mpaka mwisho. Alikuwa maarufu kwa kumwigizia mwigizaji nafasi yake yote kabla kamera haijawashwa: analia yeye, anacheka yeye, anageuza shingo yeye, halafu anasema haya, sasa wewe. Wapo walioshindwa na mtindo huo, kwa sababu ukimwiga mtu mzima mwenye miwani utakuwa kivuli chake tu. Waliofaulu walikuwa wale walioweza kuchukua kipimo cha hisia wakaacha namna yake.

Kumbuka na hali ya soko. Filamu iliuzwa kwa wasambazaji kwa jina la stelingi. M. G. Ramachandran alikuwa na nguvu ya sinema kiasi kwamba 1977 alikuwa waziri kiongozi wa jimbo. Mbele ya watu wa namna hiyo hadithi ya mwanamke ilikuwa biashara ya hatari, na Balachander aliichagua mapema kabisa, kabla Saritha hajatokea.

Ndiyo maana siwezi kukusimulia Saritha bila kumtaja Sowcar Janaki. Huyu mama alianza filamu mwishoni mwa miaka ya 1940, na jina la "Sowcar" limetokana na filamu ya Kitelugu ya 1950 iliyomtambulisha. Balachander alipomkuta tayari alikuwa mtu mzima kazini, hakuwa binti wa kuvumbuliwa. Akacheza Bama Vijayam 1967, Ethir Neechal 1968, kisha Iru Kodugal 1969. Katika hii ya mwisho yeye ndiye mkuu wa wilaya, na mume aliyetengana naye zamani anajikuta karani katika ofisi yake, tena akiwa na mke mwingine nyumbani. Iru Kodugal maana yake ni mistari miwili, na ndani yake kuna kitendawili: umechorewa mstari, ufanye uwe mfupi bila kuugusa. Jibu ni kuchora mwingine mrefu pembeni yake. Watazamaji wa Kitamil wanakikumbuka mpaka leo.

Jambo ninalotaka ulishike kwa Janaki ni la 1970. Mwaka huo alitoa filamu yake mwenyewe, Kaaviya Thalaivi, pesa zake, jina lake kama mtayarishaji, na akamwajiri Balachander aiongoze. Mwigizaji akawa tajiri wa mwongozaji. Watu wanaposema mwanamke kwenye ushirikiano wa aina hii ni udongo tu mikononi mwa mfinyanzi, mimi huwauliza: huo udongo ulimlipaje mfinyanzi mshahara?

Katikati ya miaka ya 1970 alikuja Sujatha, katika Aval Oru Thodar Kathai ya 1974 na Avargal ya 1977, dada anayefanya kazi ofisini na kulisha nyumba nzima, na mke aliyeachana na mume mkatili. Sitakaa hapo. Ila ujue kwamba Saritha alipofika, alikuta nyumba ambayo milango yake ilikwisha pimwa kwa kimo cha mwanamke.

Sasa 1978. Balachander anataka kutengeneza filamu ya Kitelugu kuhusu kijana Mtamil na binti Mtelugu wanaoishi jirani, wazazi hawapatani, na wapenzi wanapewa sharti la kukaa mwaka mzima bila kuonana. Kijana ni Kamal Haasan. Binti akamtafuta miongoni mwa wasiojulikana, na aliyemchagua ni Saritha, msichana wa shule, mweusi wa rangi, mnene kidogo kuliko desturi ya mabango, na macho makubwa yanayozungumza kabla ya mdomo. Filamu ikaitwa Maro Charitra. Wakati wenzake wote wameshahamia rangi, yeye aliipiga nyeusi na nyeupe, ufukweni Visakhapatnam. Ikaingia Madras kwa Kitelugu chake, bila kuingizwa sauti za Kitamil, na ikaendelea kuonyeshwa kwenye ukumbi wa Safire kwa zaidi ya siku 500. Watu wasioijua lugha walikuwa wanarudi kumtazama binti yule.

Kuhusu rangi yake nikae kidogo, kwa kuwa ni jambo linaloniuma. Rajinikanth, stelingi ambaye pia alianzishwa na Balachander, mwaka 1975, ni mweusi, na kwa mwanamume haikuwa kikwazo, ikawa hata sehemu ya mvuto wake. Kwa mwanamke ilikuwa habari nyingine. Kamera za Madras zilizoea mwanamke aliyepakwa poda mpaka anafanana na ukuta uliopigwa chokaa. Balachander alimwacha Saritha na uso wake. Huo ulikuwa uamuzi wa kisanii, na ulikuwa na matunda: uso ule uliweza kuwa wa mtu yeyote unayemkuta kisimani au kituo cha basi. Hadithi za wakulima na makahaba na wake za makonstebo zikawezekana. Ungemweka mrembo wa bango pale, kijiji kizima kingeonekana ni maigizo.

Na hapohapo ukaonekana mpaka wa nguvu zao. Mwaka 1981 Balachander aliirudia hadithi ileile kwa Kihindi, ikaitwa Ek Duuje Ke Liye. Wazazi wako au bibi yako huenda waliiona: ndiyo ile ambayo mama anachoma picha ya kijana, na binti anayakoroga yale majivu kwenye chai anakunywa. Kamal Haasan alibaki. Binti akawa Rati Agnihotri, mweupe. Rati alicheza vizuri, simpunguzii. Lakini aliyeifanya hadithi ile ijulikane kusini yote hakuwamo. Mwongozaji anaweza kukupenda kazini kwa moyo wake wote, na soko likamshinda nguvu.

Rudi kusini. Mwaka uleule wa 1978, akiwa ametoka tu kuwa binti wa mapenzi ya ufukweni, Balachander alimpa Thappu Thalangal, ambamo Saritha ni kahaba na Rajinikanth ni mhuni wa mtaa, wawili wanaojaribu kuishi maisha mapya na mtaa hauwapi nafasi. Filamu ile ilipigwa kwa Kitamil na Kikannada. Mwaka uliofuata ikaja Nool Veli, na pacha wake wa Kitelugu Guppedu Manasu: msichana anayeingia kati ya mwandishi wa kike na mumewe. Hapo utaona mwongozaji anafanya nini. Hamrudishi mahali palipompa makofi. Angeweza kumtengenezea mabinti watano wa ufukweni na pesa ikaingia. Alimhamisha kila mara, na yeye kila mara akahamia.

Hesabu inayotajwa sana ni kwamba walifanya pamoja filamu 22, za Kitamil, Kitelugu na lugha nyingine. Kwangu idadi si kitu sana. Mbili ndizo zinazobeba ushirikiano wao wote.

Ya kwanza ni Thanneer Thanneer ya 1981, yaani Maji Maji. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Komal Swaminathan. Kijiji cha Athipatti hakina maji. Wanawake wanatembea maili nyingi kuyafuata. Saritha ni Sevanthi, mke wa konstebo wa polisi. Anafika mgeni mwenye kiu, Vellaisamy, mtu aliyeua na anayetafutwa, na Sevanthi ndiye anayempa maji ya kunywa kutoka kwenye mtungi alioutolea jasho. Mgeni anabaki, anabuni mkokoteni wa ng'ombe wa kuletea maji kijijini. Uchaguzi unakuja, wanakijiji wanakataa kupiga kura mpaka wapewe maji. Serikali haisikii. Wanaanza kuchimba mfereji kwa mikono yao wenyewe, na hapo ndipo serikali inakumbuka kwamba Athipatti ipo, inatuma askari kuwazuia. Na mume wa Sevanthi ni askari.

Niliiona filamu hii mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Chennai, kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba niliyopanga. Mama yule alizaliwa kusini kabisa, upande mkavu. Alikaa kimya filamu karibu nzima, na Kitamil changu kilikuwa bado cha sokoni, nikawa namtegemea yeye anisaidie, wala hakunisaidia. Ilipokwisha alisimama akanionyesha nyonga yake ya kushoto. Kule mtungi hupakatwa nyongani, mkono umeuzunguka shingo, tofauti na sisi tunaojitwika kichwani. Akaniambia, waigizaji wengi hutembea na mtungi mtupu, wanauyumbisha kama mkoba. Huyu binti anatembea na mtungi uliojaa. Tazama bega la upande wa pili linavyopanda. Tazama anavyoweka mguu, hataki hata tone limwagike.

Tangu siku ile sijaweza kuitazama kwa macho mengine. Balachander aliweza kumwandikia Sevanthi hotuba, na alizipenda hotuba, tena alipenda sana mafumbo ya vitu: kamba, ndege, mwanasesere anayesema kwa niaba ya mwenyewe. Angeweza hata kumwonyesha namna ya kugeuza shingo. Lakini karani wa Madras hakuwahi kubeba mtungi nyongani maili kumi. Bega lile lilikuwa la Saritha. Filamu ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil na Balachander akapata ya skripti bora, na tuzo zote mbili zilistahili. Lakini jaribu kumwondoa Sevanthi uone kama kiu ya kijiji kile itakufikia kooni.

Na kuna jambo la sauti. Saritha ana sauti nzito kidogo, yenye mchanga ndani yake, na aliimudu mpaka ikawa riziki ya pili. Baadaye aliwaingizia sauti waigizaji wengine wengi, Vijayashanti na Nagma wakiwemo. Ukifikia miaka ya 1990, watayarishaji walikuwa wanaleta mabinti weupe kutoka Mumbai wasiojua lugha, na watazamaji wakawa wanatazama uso wa mmoja na kumsikia Saritha. Hilo linanisikitisha na kunifurahisha kwa pamoja. Uso wake soko lilianza kuukataa. Sauti yake halikuweza kuikosa.

Ya pili ni Achamillai Achamillai ya 1984, maana yake hakuna hofu, hakuna hofu. Saritha ni Thenmozhi, mwanamke wa kijijini anayempenda Ulaganathan, aliyechezwa na Rajesh, kwa sababu ni mtu mnyofu, anayesema kweli mbele za watu. Wanaoana. Mume anaingia siasa. Kidogo kidogo anaoza, na anayeona uozo ule kwa karibu kuliko wote ni mkewe, kwa kuwa analala naye chumba kimoja. Mwisho wake nitakuambia, maana ndio ninaoutaka uuone. Mbele ya umati, Thenmozhi anapanda jukwaani kumvisha mumewe shada la maua, kama mke yeyote wa mwanasiasa, na ndani ya shada amefunika kisu.

Mwigizaji mwingine angeufanya mkono ule utetemeke ili tujue kinachokuja. Saritha anamvisha shada kama mke, kwa heshima. Unamwonea mumewe huruma na mkewe huruma kwa sekunde ileile. Kisa kama kile kikichezwa vibaya ni kichekesho. Balachander alikiandika kwa sababu alijua ana mtu wa kukibeba, na hili ndilo jibu la swali lako kuu. Baada ya miaka sita pamoja, mwongozaji alikuwa haandiki tena nafasi halafu akatafuta mtu. Alikuwa anaandika akijua tayari mkono ule unaweza nini.

Filamu hiyo nayo ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil. Mwaka uliofuata wakafanya Kalyana Agathigal, na baada ya hapo kazi zao pamoja zikapungua. Balachander alishampata Suhasini kwa Sindhu Bhairavi ya 1985, iliyompatia dada huyo tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike.

Sasa hilo la kujifunga. Wenzako wangekuwa na hoja kama Saritha angekuwa wa Balachander peke yake. Hakuwa. Miaka ileile alicheza Vandichakkaram ya 1980 chini ya K. Vijayan, akacheza Malaiyur Mambattiyan 1983, akacheza kwa waongozaji wa lugha nyingine. Hata Balachander alipofungua kampuni yake ya Kavithalayaa, filamu ya kwanza ya kampuni hiyo, Netrikann ya 1981, iliongozwa na S. P. Muthuraman, na Saritha akawamo. Alikuwa anatoka, anarudi na kitu alichojifunza nje. Nadhani ndiyo maana hakumchosha mzee.

Wapo wengine na kila mmoja ana sura yake. Raadhika alianzishwa na mwongozaji Bharathiraja katika Kizhakke Pogum Rail ya 1978, na miaka 15 baadaye, 1993, akarudi kwake kwa Kizhakku Cheemaiyile, akiwa dada aliyebanwa kati ya mume na kaka. Bharathiraja alimwona akiwa msichana, halafu akamwona tena akiwa mtu mzima aliyekomaa, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya katikati alimwachia dunia. Archana alifanya na Balu Mahendra filamu ya Veedu, yaani Nyumba, ya 1988: mwanamke mfanyakazi wa kawaida anajenga nyumba ndogo Chennai na kila tofali lina rushwa yake. Hakuna wimbo hata mmoja ndani yake, jambo zito kwa sinema ya India, na Archana alipata tuzo ya taifa. Balu Mahendra alishika kamera mwenyewe, na alimpiga picha kwa mwanga wa dirishani, bila kumpamba.

Huyohuyo Balu Mahendra ana sura nyingine ya mambo haya, na sitakuficha, kwa kuwa wewe ni binti na swali lako si la sinema tu. Shobha alicheza katika filamu zake kadhaa, tangu Kokila ya 1977 hadi Moodu Pani ya 1980, na maisha yao ya kazini na ya nyumbani yakawa kitu kimoja. Alikuwa na kipaji cha ajabu. Tuzo yake ya taifa aliipata kwa Pasi, ya mwongozaji mwingine, Durai. Alifariki Mei 1980, hajatimiza miaka 18. Simhukumu mtu aliye kaburini. Nakueleza tu kwamba pale kazi, pendo na mkate vyote vinapotoka kwenye mkono mmoja, mtoto wa umri ule hana pa kusimama akitaka kusema hapana.

Suhasini alikwenda kwa njia yake mwenyewe kabisa. Kabla ya kuigiza alisomea upigaji picha za filamu katika chuo cha sinema cha Adyar, Madras. Alipoolewa na mwongozaji Mani Ratnam 1988, ushirikiano wao ukahamia kwenye karatasi: yeye ndiye aliyeandika mazungumzo ya Iruvar ya 1997, na 1995 alikuwa ameshaongoza filamu yake, Indira. Ukiweza kujifunza kalamu au kamera, mwanangu, jifunze.

Sasa wewe. Filamu nne na mwongozaji mmoja si nyingi hata kidogo. Ninachotaka uzitazame nafasi hizo nne: je, ni watu wanne, au ni msichana mmoja aliyebadilishiwa nguo? Kama ni wanne, kijana huyo anakuona, endelea naye. Kama ni mmoja, mwambie, tena mwambie kabla hajaandika ya tano, wala siyo siku ya kupiga picha. Umwambie jambo unaloweza ambalo hajaliona bado. Hata Saritha asingempa Balachander bega lile kama angebaki binti wa ufukweni. Filamu yako ya tano, ile ya mtu mwingine, isikusumbue moyoni kama usaliti. Tafuta na ya sita ya mtu mwingine. Na malipo yenu myaandike, hata kama ni kidogo, hata kama mnaitana kaka na dada.

Umeuliza uanze na ipi. Anza na Thanneer Thanneer. Mara ya kwanza itazame kwa hadithi, mara ya pili zima sauti ufuate mwili wa Sevanthi kila anapotembea. Halafu Achamillai Achamillai. Maro Charitra iwe ya tatu, ili umwone alikotoka ukiwa tayari unajua alikofika. Kisha ruka uende Julie Ganapathi ya 2003, ya Balu Mahendra, ambamo Saritha ni mpenzi wa tamthilia anayemfungia nyumbani mwandishi wake. Hapo utaona mtu aliyeongozwa na Balachander miaka mingi anavyoingia mikononi mwa mwongozaji asiyependa maneno mengi.

Mwisho tafuta Maaveeran ya 2023. Ni filamu ya vijana, stelingi ni Sivakarthikeyan, na Saritha ni mama yake, mwanamke mkali wa familia iliyohamishwa kutoka mtaa wa mabanda kwenda kwenye ghorofa linalopasuka nyufa. Ni miaka 45 tangu Maro Charitra, na Balachander alifariki Desemba 2014. Iangalie sehemu ambayo mama anafoka kwa sababu ya hayo makazi mabovu. Funga macho kwanza usikilize sauti, kisha yafungue.